Nyundo Kulia, Nyundo Kushoto

...maana upepo wa kaskazini ukishaanza hivi hauachi, bendera nyuma ya eneo lao la mwisho, pale pa kufungia bao, imekakamaa kama ubao, makapi ya mahindi yanapita juu ya uwanja kama moshi, na mimi nimekaa huku juu kwenye kibanda cha mbao, vioo vinatetemeka, vipokea sauti vimenibana masikio, karatasi ya mipango iko mapajani, na kocha Teply kule chini kando ya uwanja ananiambia kwa ile sauti yake ya mtu aliyeuma msumari, "Arlo, nipe kitu," nami najua ninachotaka kumpa, nimekijua tangu asubuhi nikinyoa ndevu, nataka kumpa Mwewe, Mwewe ndio mpango wetu wa kurusha mbali, Emmett anarudi nyuma hatua tano, anangoja, anaachia, mpira unapaa yadi arobaini unamwangukia mtu mikononi kama umetumwa kwa posta, Emmett Zavadil, namba saba, mrushaji wetu, mwanangu, miaka kumi na saba, huu mwaka wake wa mwisho hapa Tabor Springs na tukifungwa leo basi amemaliza, robo fainali ya jimbo, futiboli ya Kimarekani, Jumamosi alasiri, ubao unasema wao ishirini sisi kumi na sita, bao moja ni pointi sita, zimebaki dakika sita na sekunde arobaini, mpira wetu, yadi sabini na moja mbele yetu, na safu ya tatu, upande wa jua, amekaa yule bwana wa kofia ya kahawia na daftari, aliyetoka chuo kimoja cha Dakota, saa nne barabarani, akanipa mkono pale langoni akaniambia, "Nimekuja kuuona huo mkono wa kijana wako," basi, mtu ametoka Dakota kuuona mkono, utamwonyesha nini, mgongo? "Arlo," anasema Teply, "sekunde ishirini," na hapo pembeni yangu mwalimu Lavonne Pokorny ananisogezea karatasi yake kwa kidole chenye mafuta ya mkate wa kabichi na nyama, mwalimu Lavonne anafundisha hesabu, ana miaka sitini na mbili, ameandika kila mchezo wa shule hii tangu Emmett hajazaliwa, ananionyesha mistari minne, robo ya kwanza kila tulipokimbia na mpira tulipata yadi mbili, robo ya pili tatu, robo ya tatu nne na nusu, na mstari wa nne mtupu, "Huo mbona hujauandika," nikamuuliza, "Niandike nini," akasema, "hujakimbia hata mara moja robo hii," akauma mkate wake, na mimi nikabonyeza kitufe nikasema, "Mwewe."

Chini Teply akavuta kofia yake machoni, ishara ninayoijua, tumefanya kazi pamoja miaka tisa, kisha akaashiria kwa mikono, Emmett akaitikia, mpira ukatoka, hatua tano, mkono ule ukazunguka, mzuri, Mungu wangu mkono mzuri, kiangazi chote nyuma ya ghala tairi la trekta limening'inia kwenye mnyororo na yeye anarusha, mara mia nne kwa siku, mimi nahesabu, Jolene mke wangu akitoka na mtungi wa chai ya barafu ananiuliza, "Wewe unalea mtoto au unalea mkono?" na mimi nacheka, nasema vyote, na sasa mpira umepaa na upepo umeudaka kule juu, umeusimamisha hewani kama mtu anayepima tikiti, ukashuka yadi kumi na tano nyuma ya pale ulipotakiwa, mlinzi wao akaugusa kwa mikono miwili, ukamponyoka, ukaanguka chini, nami nikagundua nimesimama. Saa imesimama pia, hilo ndilo baya la kurusha ukakosa, saa inasimama, kila mtu anapumua, na wale vijana wa Dunmore Creek wanaotakiwa kuchoka wanapiga makofi na kuruka. "Jaribio la pili, yadi kumi," anasema Lavonne huku akiandika, "mara ishirini na tatu umerusha, saba zimeshikwa na wetu, mbili zimeshikwa na wao, na hii ya sasa sijui niiweke wapi, nitaandika bahati." Tumebakiwa na majaribio matatu kati ya manne, zisipotimia yadi kumi mpira unakuwa wao, nao wakiupata sasa hatuuoni tena, na yule bwana wa kofia ya kahawia ameandika kitu, ameandika nini, "Arlo," anasema Teply polepole, "mimi ni mzee, nitakufa kwa jambo lingine, si kwa Mwewe, nipe Nyundo," na mimi nikaona aibu ikinipanda shingoni, nikasema, "Nyundo Kulia."

Nyundo si kitu, Nyundo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuichora, Emmett anageuka, anamkabidhi mpira mkimbiaji wetu Osvaldo Murillo, Valdo, tumboni, ukuta wetu wa watu watano unasukuma kulia, unatangulia kama ng'ombe anayefungua uzio, Valdo anaingia nyuma yake pale penye msongamano, huoni kitu, unasikia kofia zinagongana, halafu lundo linasogea, linasogea tena, filimbi. Yadi saba. Lavonne akaandika saba kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida, naapa ni mkubwa kuliko kawaida. Na saa inatembea, hilo nalijua miaka yote, nimelifundisha, ukikimbia ukaangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea, lakini sijui lini mara ya mwisho nililitazama hivi, nimetazama ng'ambo, yule mrushaji wao hodari aliyetupiga mabao matatu amekaa kwenye benchi na blanketi magotini, hawezi kutufanya kitu, yuko pale kama abiria. "Nyundo Kushoto," nikasema, haraka, kabla sijafikiri, yadi tano, yadi kumi zimetimia, tumeanza upya, majaribio manne mengine, dakika tano na sekunde kumi, "Kulia," yadi nne, "Kulia tena," sita, Teply hasemi tena "nipe kitu," anasema tu "ndiyo" na kupumua, ndiyo, ndiyo, na mimi nina furaha ya kijinga ambayo sijaipata tangu nilipokuwa nacheza mwenyewe, kwenye ukuta, namba sitini na tatu, hakuna mtu aliyewahi kutoka Dakota kuniangalia mimi. Valdo alipokuja kwetu darasa la tisa alikuwa mfupi, mnene, hana viatu vya mchezo, mama yake anakata nyama zamu ya asubuhi kwenye kiwanda, yule pale amejifunika shuka la manjano na hapigi kelele, anashika tu mikono miwili mbele ya mdomo kila mara kijana akiingia kwenye lile lundo, na Jumanne mazoezini nilimwambia Valdo wiki hii tutarusha sana, usione vibaya, akasema, "Sawa, kocha, lakini ukinipa mara ishirini, ujue kumi za kwanza ni salamu tu," vijana wakacheka, Emmett akamrushia kofia, "Kaka, salamu zako zinaumiza," nami nikacheka na kurudi kwenye karatasi yangu ya kurusha, na leo mpaka robo ya tatu inaisha nilikuwa nimempa mara tisa. Tisa. Salamu hazijaisha. "Kumi na tatu sasa," anasema Lavonne kana kwamba nimemuuliza kwa sauti, labda nimemuuliza kwa sauti, "na mtazame Mlango." Mlango ni jina ambalo Lavonne amempa yule namba hamsini na nne wao, kijana mkubwa wa katikati, kilo mia na ishirini, mwanzo wa mchezo alikuwa akiangushwa anaruka juu kama mpira wa tenisi, sasa natazama, Nyundo Kushoto, yadi nane, Mlango yuko chini, anageuka tumbo, anaweka goti moja, anasubiri, anaweka la pili, anainuka akiwa ameshika mapaja, na mikono inaenda kiunoni, na mtu akishaweka mikono kiunoni jamani, mtu akishaweka mikono kiunoni... "Nyundo ile ile," nikasema, "palepale alipo," yadi tisa, mara hii hata lundo halikutokea, palifunguka mlango kweli, na watu wetu kwenye majukwaa wameanza ule mshindo wa miguu juu ya mabati, kibanda kinanesa, kahawa ya Lavonne inacheza kikombeni, dakika tatu na sekunde hamsini, tuko upande wao wa uwanja.

Na hapo shetani akaja kukaa nami, maana Dunmore Creek wamechoka kusukumwa, wamewasogeza watu wao wote mbele, wanane wote, maana shule ndogo tunacheza wanane kwa wanane, wamebanana karibu na mpira kama kuku kwenye kona wakati wa mvua, na nyuma yao hakuna mtu, hakuna, ni malisho matupu mpaka kwenye bendera, Mwewe mmoja hapa, mmoja tu, yadi thelathini na mbili, dakika moja na ushindi, na daftari lile lingejaa, naona barua, naona jina letu kwenye bahasha ya chuo, naona Jolene akilia pale jikoni, na kidole changu kiko juu ya kitufe, kisha filimbi, wameomba mapumziko wao, kocha wao amewaonea huruma, wanaelekea kando wakiburuta miguu, Mlango amelala chali kwenye nyasi na mtu anammwagia maji, na kwenye masikio yangu nasikia kukwaruza, si pumzi ya Teply, pumzi changa, "Baba." Amechukua vipokea sauti vya kocha. Hajawahi kufanya hivyo. "Naam," nikasema. "Wanahema, baba." "Nani?" "Wale wa mbele wote. Yule hamsini na nne ananiuliza mimi muda umebaki kiasi gani. Ananiuliza mimi, baba, kwa upole kabisa." Anacheka, nasikia meno yakigongana kwa baridi na anacheka. Nikamwambia, "Nyuma kuko wazi, Emmett, Mwewe iko wazi, upepo ukitulia kidogo..." akasema, "Hautulii. Naomba usinipe." Nikatazama bendera, bado imekakamaa. "Baba, mara ya mwisho niliyokwenda mbele ya Valdo nilimpiga yule hamsini na nne begani, akakaa chini. Nilimkalisha mimi. Uliona?" Na mimi sikuona, Mungu nisamehe, nilikuwa natazama malisho nyuma yao, nikasema, "Niliona," kisha nikasema, "Hapana, sikuona," akasema, "Basi angalia sasa," na kukwaruza tena, na Teply, "Arlo, mwanao ana adabu kuliko wewe, nipe." Nyundo. Nyundo Kulia, yadi sita, nikamtazama Emmett tu, sikumtazama mwenye mpira, namba saba anageuka, anakabidhi, halafu badala ya kubaki nyuma kama warushaji wanavyobaki, kama nilivyomfundisha abaki, alinde mkono, mkono ndio mali, anainama anapita kati ya watu wawili na kumgonga mlinzi kifuani kwa bega, lile bega, bega la kulia, bega la tairi na mnyororo, nikasema "Ah" kwa sauti na Lavonne akanitazama, na yule mlinzi akarudi nyuma hatua tatu, nne, Valdo akapita, na Emmett akainuka kutoka chini mdomo umejaa nyasi, anazitema, anapiga makofi mawili na kuwakimbilia wenzake, na sijawahi kumwona hivyo, mia nne kwa siku kiangazi chote na sijawahi kumwona na uso ule. Kushoto, nne. Kushoto, tatu. Dakika mbili na kitu. Watu wa ukuta wetu hawasubiri tena filimbi iwape pumzi, wanarudi mistarini wanakimbia, wanawangoja wale, ndiyo, wanawangoja, na ndipo nikakumbuka bwana wa Dakota, nikageuka kutazama safu ya tatu, nafasi yake ni tupu, nikamwona kwenye ngazi, kola imepandishwa, daftari liko kwapani, anaelekea kwenye magari upepo ukimsukuma mgongoni, na nikahesabu, mimi mtu wa kuhesabu, zilikuwa zimepita Nyundo tisa sijamtazama, na nikangoja kifua kiniume, nikangoja vizuri kabisa, na Teply akasema, "Arlo," nikasema, "Kulia, mzee, kulia, wampige palepale," na mlango wa gari lake ukafungwa mahali fulani, au haukufungwa, sikusikia.

Yadi kumi na moja zimebaki, dakika moja na sekunde tano, Kulia, tatu, saa inatembea, Kushoto, mbili, wamejikaza sasa, wanajua, kila mtu uwanjani anajua, mama mwenye shuka la manjano anajua, hakuna siri tena, Kulia tena, lundo likainuka na kurudi, yadi tatu kwa taabu, filimbi, jaribio la nne, yadi tatu za kuingia, sekunde sita, na sisi ndio tukaomba mapumziko, ya mwisho tuliyo nayo. Kelele imekatika ghafla, unasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. "Ishirini na mbili," anasema Lavonne, mkate ameuweka chini, ameusahau, "umempa mara ishirini na mbili," na chini kabisa vijana wanane wa Dunmore Creek wanarudi kujipanga, na wanajipanga wapi, natazama, nasogea mpaka pua inagusa kioo, wanajipanga juu ya Valdo, wote, hata yule wa pembeni kabisa ambaye kazi yake ni kumlinda Knute Osterloh asipokee mpira, naye ameingia ndani hatua mbili, macho kwa Valdo, amefundishwa na Nyundo kumi na tatu mfululizo, kila moja imempa somo moja, na mimi nikaanza kucheka, cheko lile la tumboni lisilo na sauti, maana kuna mpango uko chini kabisa ya karatasi, tumeufanyia mazoezi kila Alhamisi na sijawahi kuuita, unaitwa Nyundo ya Uongo, hauna uzuri wowote, nimeudharau mwaka mzima kwa sababu mrushaji haonyeshi mkono, anaonyesha tu kwamba ana akili, na nikaona kwamba sikuwa nao robo ya kwanza, wala ya pili, hata ningeuita usingekuwepo, wale wasingemtazama Valdo kwa macho hayo, ni hizi yadi mbili mbili na tatu tatu za jasho zilizoununua, watu watano wa ukuta ambao majina yao hayatangazwi ndio walioununua, na Valdo, na bega lile. "Nyundo ya Uongo Kulia," nikasema. Nikamsikia Teply anatoa pumzi puani, cheko lake la kila miaka miwili, "Ungeniambia hivyo saa nane mchana ningekufukuza kazi," akasema, na akaenda kuwaambia.

Wakatoka. Mpira ukatoka. Emmett akageuka, akamwekea Valdo tumboni, na Valdo akajikunja kuukumbatia, akainamisha kichwa, akaingia kwenye lile lundo kwa nguvu zote kama mtu aliyebeba roho ya mtu, na Mlango akamwangukia, na mwingine, na mwingine, na yule wa pembeni akaruka juu yao wote, na Emmett alikuwa anatembea, naapa anatembea, kulia, mpira ameuficha pajani, na Knute Osterloh, kijana mwenye viganja kama koleo na ambaye msimu mzima nimemrushia mara nne, alikuwa amesimama peke yake nyuma ya mstari wa bao kama mtu aliyesahauliwa kwenye stendi, na Emmett akamtupia, hakurusha, alimtupia, yadi tano, mpira ukayumba kwenye upepo, mbaya, mkia juu, nyuma ya ghala ningemwambia rudia, na Knute akaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili akapiga magoti. Saa sifuri. Ishirini na mbili kwa ishirini. Kibanda kikanesa upande hata kahawa ikamwagika juu ya mistari minne ya Lavonne, naye hakuipangusa, alikuwa amenishika mkono wa shati anauvuta kama anataka kuung'oa, na watu wanamiminika uwanjani kumfuata Knute, wote wanamfuata Knute, isipokuwa namba saba, namba saba amekwenda upande mwingine, amerudi palepale katikati kwenye lundo, watu wanne wamemlalia mtu asiye na mpira, na anawavuta mmoja mmoja, kwa upole, anamvuta Mlango mkono na Mlango anakubali kuvutwa, na chini kabisa kofia ya Valdo imegeuka upande, kiatu kimoja kimetoka, bado mikono imejikunja tumboni hana kitu ndani yake na hajui kama tumeshinda, na Emmett anainama anamwambia kitu masikioni, sijui nini, kioo kinatetemeka, siwezi kusikia, ni mimi na kidole changu bado kimebonyeza kitufe, na Teply anasema, "Arlo? Nakusikia unapumua tu." "Naam." "Sema kitu, basi." "Mwambie mtu amletee yule kijana kiatu chake," nikasema.